Raha Haina Risiti

Wasee, tuongee ukweli. Nairobi hakuna summer.

Najua unaposti "summer" kila ukivaa kaptula. Najua kuna mtu Julai hii atapiga picha na miwani ya jua, na jaketi ameificha nyuma ya kamera juu anatetemeka. Julai ndio baridi yetu yenyewe. Hiyo ni summer ya London, ya Chicago, ya watu wenye jua lao linakuja mara moja kwa mwaka likaondoka. Jua letu linashika Januari, linachoma Februari, na Machi likiisha mvua ndefu zinaingia. Kama lazima tuwe na summer, hiyo ndio yetu: wiki kumi hivi za joto, maembe kwa kila kona, na jioni zenye mtu hataki kurudi kwa nyumba.

Mbona nianze na hali ya hewa? Juu mtu akishakuazima kalenda yake, kukuuzia wikendi yake ni kazi rahisi. Na hiyo ndio shida yangu leo. Tumeuziwa wikendi, na tunailipia na pesa hatuna.

Unaijua hiyo wikendi. Jumamosi ni chakula cha saa tano kwa mkahawa wenye maua ya plastiki ukutani. Jioni ni baa ya ghorofani na kinywaji cha rangi ya waridi. Jumapili ni gari ya kukodi, Naivasha, kuendesha baiskeli, kurudi usiku. Kila siku na nguo yake, na hakuna nguo inaonekana mara mbili. Piga hesabu uniambie hiyo ni elfu ngapi. Halafu uniambie ni vijana wangapi unajua hapa Nairobi, wa miaka yetu, wenye wanapata hiyo pesa kila mwisho wa wiki bila kulia Jumatatu.

Jumatatu inakuja na Fuliza. Hii Fuliza ilipoingia Januari 2019, watu walifikiria ni ya dharura: nauli imepungua, tokeni ya stima imeisha usiku, mtoto wa shangazi ni mgonjwa. Leo watu wanafulizia picha. Unakopa ukae kwa kiti cha mtu, upige picha na sahani ya mtu, uwaonyeshe watu ambao nao wamekopa. Halafu pesa yoyote ikiingia kwa simu inakatwa kabla hujaiona. Wikendi ilikuwa ya masaa sita, deni ni la mwezi mzima.

JIKO LA CONTENT

Mimi natengeneza content, so wacha nikuambie venye hili chakula hupikwa.

Mwenye mkahawa anataka watu. Matangazo ya redio ni ghali, bango la Waiyaki Way ni ghali zaidi. Anachukua watu kumi kama mimi, anatupatia meza ya karibu na dirisha na chakula cha bure, pengine na nauli. Tunakuja mchana juu mwangaza ni mzuri. Tunapiga picha sahani nne zenye hatutazimaliza. Wewe unaona video ya sekunde thelathini na maneno "wikendi yangu". Haikuwa wikendi yangu. Ilikuwa Jumanne, na nilikuwa kazini.

Mimi sikatai hiyo kazi, juu nalipa rent nayo. Chenye nakataa ni uongo. Mwaka jana mwenye mkahawa mmoja aliniomba niseme kwa video kwamba nimejilipia mwenyewe. Nikamwambia hapana. Siku hiyo hiyo alipata mwingine, na hiyo video ilienda mbali kuliko yangu yoyote. Kuna watu walienda pale wakilipa bei kamili ya kitu mtu mwingine alipewa bure. Hao ndio nawaandikia.

Kwa hivyo ukimwona dada ana sahani tatu na tabasamu, jiulize swali moja tu: nani alilipa? Kama jibu hulijui, usipimie maisha yako hapo.

Msimamo wangu ni huu. Kufurahia wikendi ni ujuzi, kama kupika au kusuka. Ujuzi unafunzwa, unafanyiwa mazoezi, unapitishwa kwa mwingine. Ukishauza ujuzi na kuanza kununua raha, unabaki mtu anajua tu kulipa. Na siku huna ya kulipa unakaa kwa nyumba ukitazama simu, ukifikiria maisha ni ya watu wengine.

KUTOKA

Kuna mtu ataniambia Nairobi bila pesa hakuna mahali. Buda, wewe hujatembea.

Jeevanjee iko katikati ya tao, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Kuingia ni bure. A. M. Jeevanjee aliitengeneza mwaka 1906 akaiachia watu wa mji, na tangu hapo watu wanakaa kwa nyasi, wahubiri wanapiga kelele, wapiga picha wanatafuta wateja, na mtu yeyote anaweza kulala chini ya mti bila kuulizwa ameagiza nini. Tembea kidogo ufike Michuki Park, kando ya Mto Nairobi. Mahali palikuwa pa takataka na magari mabovu, sasa ni miti na viti. Imepewa jina la John Michuki, yule yule aliyewapiga matatu mstari wa njano 2004. Hapo pia unaingia bure.

Ukitaka miti zaidi, Arboretum uko State House Road, unafika kwa miguu kutoka tao. Ulianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, juu treni ya wakoloni ilikuwa inakula kuni. Leo treni haili kuni, na sisi tumebaki na hekta kama 30 za kivuli. Kiingilio chake hakifiki bei ya kahawa moja ya hiyo mikahawa yenu. City Park kule Parklands kuna kima wenye watakunyang'anya ndizi mkononi. Kuna pia makaburi ya Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi 1965, na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Ni watu wangapi wa rika letu wamepita hapo wakijua nani amelala? Karura nayo ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya mji, na mto, na maporomoko, na mapango. Miji mikubwa mingapi duniani ina msitu kama huo?

Na si lazima uelekee upande wa matajiri. Watu wa Eastlands, mna maktaba Kaloleni na Makadara zenye zimefufuliwa, zina viti vizuri na watoto wanasoma hadithi. Ile kubwa, McMillan, iko tao pale Banda Street, na simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Babu yako hangeruhusiwa kupanda zile ngazi. Wewe unaruhusiwa, na unazipita ukikimbilia mahali pa kulipa.

Hata safari yenyewe ni raha. Nganya ya Rongai ni maonyesho ya sanaa yanayotembea: michoro, taa, muziki, konda ananing'inia mlangoni kama mcheza sarakasi. Watalii wanaipiga picha. Sisi tunalalamika spika ziko juu sana.

KULA

Sasa chakula. Hapa ndio mtu wa kuuza wikendi anakushika, juu anajua una njaa na unaona haya kubeba kontena.

Haya ya nini? Mama yako alikuwa akienda safari anabeba chapati na mayai ya kuchemsha, na basi zima lilikuwa linanukia, na hakuna aliyekufa. Tumekuwa kizazi cha kwanza kuona aibu kwa chakula chetu wenyewe.

Januari hadi Machi embe ni bei ya chini kuliko wakati mwingine wa mwaka. Chukua mbili zilizoiva vizuri, ngowe au apple. Menya, toa nyama yote. Saga na nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vya sukari na maji ya ndimu nusu. Huna blenda? Ponda na uma, pitisha kwa chujio. Mimina kwa vikombe vidogo, chomeka kijiti, weka kwa friza usiku kucha. Huna friza? Mwenye duka mtaani anayo, ya soda. Muombe nafasi, mpe barafu mbili. Zikishika, unapata kitu chenye kwa mkahawa wangekiita jina la Kiitaliano na kukulipisha mia nne.

Ukiwa na ukwaju, uloweke kwa maji ya moto, ukamue, uchuje, weka sukari na chumvi kidogo na pilipili kama una roho. Watu wa Pwani wanajua hii tangu utotoni. Viazi vikubwa ukikata nyembamba kabisa, uoshe mpaka maji yawe meupe, ukaushe na kitambaa, ukaange kidogo kidogo, una krisps za watu wanne kwa bei ya pakiti mbili za dukani. Popkoni ndio usiseme, gorogoro moja ya mbegu inakula mtaa mzima. Na mahamri, yale ya ukweli ya tui la nazi na iliki, yenye yanafura yakawa na tumbo tupu ndani. Sisi wa bara tunaita kila kitu mandazi na watu wa Mombasa wanatuhurumia kimya kimya. Tafuta rafiki wa Pwani akufunze. Huo mchana mmoja wa unga mpaka kwa nywele ni sherehe tosha, na haukuhitaji DJ.

Usifikirie jikoni ni mambo madogo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Hivyo vipengele vilitolewa juu watu walipiga kelele, na baadaye mswada mzima ukaondolewa baada ya Juni 25, siku yenye vijana wenzetu walipigwa risasi wakafa. Bei ya unga, mafuta na sukari ndio bei ya kualikana. Vikipanda, kitu cha kwanza kukufa kwa nyumba za watu wa kawaida ni kumwambia mtu "kuja tukule".

Kitu kingine: unapobeba, beba vizuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fuo zetu. Chupa ya chuma na kontena lenye kifuniko, basi. Na takataka zako urudi nazo. Hatuwezi kudai mahali pa bure halafu tupaache kama Dandora.

KUVAA

Tuingie kwa nguo, na hapa nitakosana na watu wa pande zote mbili.

Kwanza kwa wale wanaocheka mitumba. Mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa, na huo mzigo umevalisha hii nchi kwa miongo. Machi 2020 serikali ilipozuia mitumba kuingia kwa sababu ya korona, ilidumu mpaka Agosti tu, na hiyo miezi tuliona ni familia ngapi zinakula kwa hiyo biashara: anayeagiza, anayebeba mgongoni, anayepiga pasi, anayeshona, anayeuza chai kwa wote hao. Ukicheka nguo ya mitumba, unacheka karo ya mtu.

Na hawa watu hawafanyi kazi kwa raha. Gikomba imeungua mara hata hazihesabiki. Ule moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila ukizima, wafanyabiashara wanauliza swali lile lile, nani anataka hii ardhi, na hakuna anayewajibu. Kesho yake wanatandaza tena. Heshimu hiyo.

Kununua vizuri nako ni ujuzi. Beli ikifunguliwa, wenye maduka wanachagua kwanza. Hizo ndizo kamera, nguo safi kabisa, na bei yake iko juu. Zinazobaki zinashuka bei siku zikienda, mpaka zinafika fagia, ile rundo la kuchimba. Ukitaka ubora, muulize muuzaji beli inafunguliwa siku gani na ufike mapema. Ukitaka bei, nenda saa zile wanafunga. Usinunue kwa macho. Pitisha mkono kwa mishono, angalia kwapa, jaribu zipu mara tatu, inua nguo kwa mwangaza. Shati kubwa la mwanaume la pamba ni kitambaa kizuri tu kinachongoja fundi. Yule fundi wa cherehani pale nje ya duka anaweza kulipunguza, kulikata mikono, kuligeuza gauni, na utakuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine Nairobi anacho.

Sasa kwa upande wa pili, wenzangu wa "thrift". Mtu anaingia Toi na kamera, anatoka na nguo ishirini, anazimwaga kitandani, anapata maoni laki moja, na nusu yake hatazivaa. Huyo hajatunza pesa wala mazingira. Amenunua ovyo, sema bei ilikuwa chini. Mwingine anachota nguo nzuri zote, anaziweka mtandaoni mara nne ya bei, halafu anaandika "thrift ni maisha". Biashara ni biashara, lakini usiniambie ni upendo wa watu wa chini. Msichana wa kibanda anayetafuta koti la kazi ya kwanza ndiye anapata rundo lililochujwa.

Kuna pia hoja nzito zaidi, na siikwepi: mitumba ilisaidia kuua viwanda vyetu vya nguo. Ni kweli biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini, viwanda vingi vya nguo vilianguka, na mitumba ilikuwa sehemu ya sababu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuiondoa kufikia 2019. Marekani ikatikisa AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na 2018 Rwanda ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Huo ni mchezo wa wakubwa. Ukinitaka nivae nguo iliyoshonwa Kenya kwa pamba ya Kenya, niko tayari leo, niuzie kwa bei ya mshahara wa Kenya. Mpaka hapo, usimbebeshe mwanafunzi wa Kayole mzigo wa sera ya biashara ya kimataifa. Mwambie tu anunue chache, avae sana, arekebishe zikichanika.

Na sisi wasichana, suala la nguo tao si la mitindo peke yake. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwa steji hapa Nairobi eti amevaa vibaya, na wanawake wakaandamana tao kusema nguo yangu ni chaguo langu. Zaidi ya miaka kumi imepita, na bado kabla ya kutoka tunaulizana, hiyo sketi tunapitia barabara gani? Kwa hivyo nikisema tutoke, simaanishi ni rahisi. Nasema tutoke kwa kundi, tuvae tunachotaka, turudi pamoja, na wanaume wa kundi wajue kazi yao haiishi na kubeba begi. Ukimwona mwenzako anamfokea msichana barabarani, wewe ndio unamzima.

MAJIBU YA MAPEMA

Nazijua zile jumbe zinakuja, wacha nizijibu kabisa.

"Unapamba umaskini." Hapana. Niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilishinda nyumbani. Sota naijua, haina picha nzuri. Kukosa pesa kunauma, na vijana wanastahili kazi zinazolipa. Lakini kukosa pesa ni shida moja. Kukosa pesa na kuamini kwamba basi huna haki ya Jumamosi ni shida ya pili, na hiyo ya pili tumejiwekea wenyewe kwa kutazama video za watu. Hiyo tunaweza kuitoa leo.

"Mikahawa imeajiri watu." Sawa kabisa, na wengine ni marafiki zangu. Ukiwa na pesa nenda, agiza unachoweza kulipia, mwachie mhudumu kitu mkononi. Nenda siku ya kuzaliwa, nenda na mama. Mkahawa wenye chakula kizuri hautakufa juu wewe umekataa kukopa. Unaokufa ni ule uliokuwa unaishi kwa picha.

"Vijana mnapenda raha sana." Hii inatoka kwa wazazi, so naijibu kwa heshima. Mama, baba, fungueni albamu ya nyumbani. Kuna picha moja mko Uhuru Park, mmesimama mbele ya maji, baba na suruali pana, mama na nywele zimefura. Karibu kila familia ya Nairobi inayo. Mlikuwa na Jumapili zenu, na boti, na aiskrimu, na hamkuulizwa risiti. Tunaomba tu ile ile.

KWA NINI INANIUMA

Hapa ndio penyewe. Hizi sehemu za bure au za bei ya chini hazikubaki zenyewe. Zilipiganiwa.

Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani yake. Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, mpaka wenye pesa wakajitoa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na watu wa mji wakaizuia. Karura ilikuwa inagawiwa watu wa kujenga, na Januari 1999 Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipoenda kupanda miti. Damu ya huyo mama iko kwa hadithi ya huo msitu unaokimbilia mbio za Jumamosi. Tuzo ya Nobel ya 2004 ilikuja baadaye. Wakati ule alikuwa anaitwa mwenda wazimu.

Fikiria sasa kama wangekuwa watu wa kusema, "aah, si tutaenda tu mall?" Leo kungekuwa na jumba pale, na lifti, na mlinzi wa kukuuliza unaenda ofisi gani.

Huo mchezo haujaisha, umebadilisha tu mwendo. Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati 2021, na watu wakakaa muda mrefu wakiiangalia kupitia uzio. Wangapi walilalamika? Wachache, juu wengi wetu tulikuwa tumeshahamia kwenye viti vya kulipia. Mwaka 2025 malipo ya kuingia Karura yalipohamishiwa eCitizen, kelele zilipigwa na wakazi walioutunza huo msitu kwa miaka. Sisi vijana tulikuwa wapi? Bustani isiyo na watu inaonekana kwa mkubwa kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Kila Jumamosi tunayoipeleka kwa kiti cha kukodi ni sahihi tunaweka kwa karatasi ya mtu mwingine.

Kwa hivyo kutandaza leso Jeevanjee ni njia ya kusema hapa kuna wenyewe, hata kama umekuja tu kula barafu ya embe.

HESABU

Hii ndio hesabu ya mbogi yetu, watu wanne. Maembe, viazi, mafuta, sukari na ndimu: mia nne, kila mtu soo moja. Nauli ya kutoka Eastlands na kurudi, ukikwepa saa za msongamano: mia mbili kwa kila mtu. Kukaa Jeevanjee au Michuki: sufuri. Nguo: ile ya mwezi jana, shati limepigwa pasi, limefungwa tofauti. Jumla ni mia tatu kwa kichwa. Kwa baa ya ghorofani hiyo haifiki hata glasi moja, na hapo bado hujalipa teksi.

Halafu fanyeni vitu vitatu. Kwanza, mkifika mahali pa umma mkute choo kimefungwa, taa imekufa au askari wa kanjo anataka kitu kidogo, pigeni picha, mpostieni diwani wenu, mumtaje jina. Hiyo ndio content inafaa kupata maoni laki moja. Pili, wewe unayetengeneza video kama mimi, sema ukipewa kitu bure. Neno moja tu, "nimealikwa". Halikuui. Tatu, Jumamosi hii mchukue yule rafiki yako ambaye amenyamaza kwa grupu tangu mwezi uanze. Hajawachukia. Hana pesa, na amechoka kutoa visababu. Usimtumie pesa, atakataa. Mwambie tu, "Saa nne, Jeevanjee. Chakula kiko. Beba chupa yako ya maji."